Kura ya Kumi na Saba

Habari hii ilimkuta Batoul Lahlimi wa Meknes, mji wa Moroko. Aliyenieleza ni Zhor, dada yake wa tumbo moja, mwanamke asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Naitoa kama nilivyoipokea.

Batoul alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alitulia katika nyumba yake ya ghorofa ya pili, jengo la Yasmini, mtaa wa Hamria, akidhani amemaliza kazi ya kupigia watu kelele. Hakujua kwamba wenye nyumba kumi na sita ni wabishi kuliko darasa la watoto arobaini. Siku ya kuchagua mwenyekiti wa umoja wa wamiliki, kila mtu aliangalia viatu vyake. Batoul akakohoa. Wakapiga makofi, wakasema amekubali.

Basi akaifanya kazi kwa moyo wote. Lifti iliyolala miaka miwili ikaamka, ikatiwa kioo kipya. Uani zikapandwa waridi, likawekwa benchi la mbao na bembea ya watoto. Masanduku ya barua pale mlangoni yakapakwa rangi ya kijani. Na chini ya ngazi, katika kibanda chake, alikuwapo Ba Allal, bawabu, mzee wa Azrou aliyekuwa hapo tangu jengo lilipokuwa shimo la msingi. Alifagia, alibebea wajane mitungi ya gesi, alijua mtoto wa nani kagombana na mtoto wa nani. Watu walimwamkia bila kumtazama, kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne Batoul aliteremka na mkasi wa kupunguzia waridi. Kwa Hniya, mshonaji wa ghorofa ya chini, redio ilikuwa ikiimba na birika la nanaa likinukia. Adhuhuri ilikuwa imepita, watu wamejinyoosha baada ya chakula. Batoul akafika uani, akasimama.

Waridi zote zilikuwa zimeng'olewa. Hazikutupwa. Zilikuwa zimelazwa chini moja moja, zimepangwa kwa urefu, mizizi upande wa ukuta, vichwa upande wa ngazi, kama maiti wanaongojea kuswaliwa.

"Watoto hao," Hniya alisema, akitoka na uzi mdomoni.

"Watoto gani wa kupanga kwa urefu?"

"Kweli hiyo, Lalla, bibi yangu. Wangu hata viatu hawapangi."

Batoul akachutama karibu na mashimo. Udongo ulikuwa umetumbuka kuja juu. Mtu aking'oa mmea, udongo huachia ukaporomoka ndani. Hapa ulionekana kama waridi zilisukumwa kutoka chini.

Hakumwambia Hniya. Alifagia, akamwita Ba Allal wazipande tena. Mzee alikuja, akaziangalia, akavua kofia yake ya sufu. Alizipanda akitazama ngazi.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya masanduku ya barua. Vilango kumi na sita vyote vilikuwa vimepinda kuja nje, kufuli zake bado zimefungwa. Kisha benchi likapatikana limepasuka katikati. Kisha kioo cha lifti. Kilikuwa kimejaa mikwaruzo mirefu, mitano mitano. Batoul alipitisha ukucha juu yake apime kina chake, ukucha ukateleza. Kioo kilikuwa laini kama maji. Akajaribu tena, polepole, kutoka pembe hadi pembe.

Mikwaruzo ilikuwa upande wa nyuma ya kioo.

Kundi la wasapu la jengo likageuka soko la kuku. Aliyewika zaidi alikuwa Si Thami, yaani Bwana Thami, wa ghorofa ya tatu, mwalimu wa udereva mstaafu, mtu aliyezoea kuwafokea watu huku wao ndio wameshika usukani. "Mwalimu, darasa limekushinda!" aliandika. "Chora ramani utuonyeshe mharibifu alipo!" Wengine wakacheka. Wengine wakaanza kunong'onezana juu ya mpangaji wa fulani, juu ya mkwe wa fulani. Majirani waliopeana kuskusi kila Ijumaa wakaacha kupeana. Hili lilimuuma Batoul kuliko benchi.

Akaitisha kamera. Ikafungwa mlangoni, ikitazama ngazi na uani nyuma yake.

Siku ya nne walikaa watatu sebuleni kwa Batoul, yeye, Hniya na Si Thami, wakatazama kilichonaswa. Saa saba mchana ilipopita kidogo, Ba Allal alitoka kibandani na bakuli lililofunikwa kitambaa. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akainama chini ya ngazi, pale penye kifuniko cha chuma cha karo, akakiinua kidogo. Kisha picha ikafifia, ikawa nyeusi, kama mtu amefunika kamera kwa kiganja. Iliporudi ilikuwa imepita nusu saa. Bawabu hayupo. Bembea uani ilikuwa imezungushwa juu ya mhimili wake mpaka minyororo imeisha.

Walitazama siku ya tatu, ya pili, ya kwanza. Bakuli. Giza. Uharibifu.

"Si nilisema?" Si Thami alipiga paja lake. "Tumefuga mchawi! Anakula chumvi yetu, analisha mashetani yake!"

"Pole pole, Si Thami," Hniya alisema. "Mzee yule alinibebea mama yangu mgongoni lifti ilipokufa."

"Na nani aliiua lifti?"

Hniya akajifunga mtandio, akashuka kwake.

Batoul alimkuta Ba Allal anapiga deki ngazi. Akamuuliza kwa heshima, kama mtu anavyomuuliza baba yake, "Ba Allal, lile bakuli ni la nini?"

Mzee aliacha kitambaa. Alitazama nyuma yake, kule chini. Akanong'ona, "Binti yangu, usiniulize hilo hapa."

"Nikuulize wapi?"

"Ndani ya jengo hili hapana mahali. Twende mpaka sokoni, unisindikize. Njiani nitakwambia."

Batoul aliangalia saa yake. Alikuwa na karatasi za mkutano za kuandaa. "Baada ya mkutano, inshallah," alisema.

Ba Allal aliitazama saa ile. "Inshallah," akajibu, akaokota kitambaa chake.

Zhor anasema kwamba katika mambo yote, hilo la saa ndilo dada yake hulirudia zaidi.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya alasiri, chini kwenye gereji, penye nguzo nene za zege na baridi isiyokwisha hata kiangazi. Wamiliki wote kumi na sita walikuja, jambo lisilowahi kutokea. Walioona kiti walikaa, wengine wakaegemea magari. Si Thami alisema kwa nusu saa. Hniya alisema kwa dakika mbili, akaketi. Ba Allal alisimama kando, kofia mkononi, hakujitetea. Alipoulizwa bakuli ni la nini, alisema tu, "Nimeapa nisiseme hapa. Nitimueni au niacheni."

Batoul alitangaza kura. Wanaotaka bawabu aondoke wainue mikono. Alihesabu kutoka mbele hadi nyuma kwa kalamu, kama alivyokuwa akihesabu wanafunzi garini siku ya safari. Tisa. Wanaopinga. Akainua wake, akahesabu. Kanuni yao ilisema kura zikilingana, jambo linabaki lilivyokuwa. Hazikulingana.

"Tisa wameshinda," alisema. "Ba Allal, tusamehe."

Mzee aliweka funguo mezani. "Umehesabu vizuri, Lalla?"

"Nimehesabu."

"Haya." Akavaa kofia yake, akatoka kwa njia ya magari, mfuko mmoja begani. Hakuna aliyemsindikiza.

Jua halijazama Batoul alikaa jikoni aandike kumbukumbu za mkutano. Wanaotaka aondoke, tisa. Wanaopinga, nane. Kalamu ikasimama. Tisa na nane ni kumi na saba.

Alihesabu tena kwa vidole. Alijaribu kukumbuka nyuso. Si Thami, mmoja. Mwenye duka la miwani, wawili. Daktari wa meno na kaka yake... Alifika nane. Wa tisa ulikuwa mkono wa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo ya mwisho, kule wasikofika na magari. Aliukumbuka. Mkono mwembamba. Mrefu. Hauna nguo mpaka juu. Alikuwa ameuhesabu bila kujiuliza, kwa kuwa kalamu ilikuwa inakwenda haraka.

Mwenye mkono huo Batoul hakumwona. Hakukumbuka kuona hata bega.

Hapa ndipo Batoul alipokosea mara ya pili. Angeweza kuita mkutano upya. Lakini aliona aibu, mwalimu mzima asiyejua kujumlisha, na akamsikia Si Thami akicheka kabla hajacheka. Hesabu lazima itimie kumi na sita. Hakutaka kumfutia jirani yeyote haki yake. Basi akajifuta yeye mwenyewe. Akaandika: tisa kwa saba. Akatia sahihi.

Siku tatu zilipita kimya. Watu wakapumua. Wengine wakaandika wasapu, "Mmeona?"

Siku ya nne maji ya tangi la paani yakatoka na nywele. Nyeupe, ndefu, zimesukwa. Fundi akapanda, akafungua tangi, akakuta maji safi na hakuna kitu. Akashuka. Nywele zikaendelea kutoka. Siku ya tano nguo zote zilizoanikwa paani zikakutwa zimefungwa mafundo, na kila fundo lilikuwa na unyevu, kama lilifungwa kwa meno. Kamera haikuona mtu. Kamera haikuona kitu tena, kwa kuwa asubuhi moja ilikutwa imegeuzwa, inatazama ukuta.

Kisha kishikio cha ngazi cha mbao, kile kinachopanda kutoka chini hadi ghorofa ya nne, kikaanza kutafunwa. Jumatatu alama zilifika ngazi ya tano. Jumanne zilifika ghorofa ya kwanza. Kitu kilikuwa kinapanda.

Alhamisi, saa saba mchana, Si Thami aliingia kwenye lifti na mkate chini ya kwapa. Milango ikajifunga. Lifti ikapanda, ikasimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Batoul alitoka aliposikia anapiga ngumi, akaweka mdomo penye ufa wa mlango.

"Si Thami, tulia! Nimempigia fundi!"

"Mwalimu," sauti ilitoka, ndogo, tofauti na ya Si Thami yule. "Mwalimu, humu tuko wangapi?"

"Wewe peke yako!"

Kisha mnong'ono. "Hesabu tena."

Hakusema neno jingine. Milango ilipofunguliwa baada ya dakika arobaini, alikuwa amekaa pembeni bila viatu, mgongo kwa kioo, macho wazi. Mkate ulikuwa umeliwa wote isipokuwa ganda, na midomo yake mwenyewe ilikuwa mikavu. Madaktari walimpima kichwa, wakampima koo. Hapana kilichoharibika. Ila sauti ilikuwa imekwenda, na haijarudi mpaka leo. Batoul alipokwenda kumjulia hali, alimpa daftari. Si Thami aliandika maneno mawili, akasukuma daftari kama linamchoma.

*Ana njaa.*

Kesho yake asubuhi Batoul alipanda teksi ya kuchangia kwenda Azrou, amebanwa dirishani na mwanamke mwenye kuku wawili mapajani, akitazama milima ya mierezi ikija. Alimkuta Ba Allal kwa binti yake Rqia, chumba cha nyuma, amejifunika blanketi la sufu ingawa jua lilikuwa kali. Katika majuma mawili alikuwa amekonda nusu yake.

Rqia hakumkaribisha kwa tabasamu. "Mmemfukuza kama mbwa, Lalla, leo mnamfuata?"

"Mwache," mzee alisema. "Lete chai na mkate."

Na pale, mbali na jengo, akasema yote. Walipokuwa wanachimba msingi, yeye kijana wa kubeba udongo, walikuta karo ya kale imefunikwa jiwe. Wakalivunja. Siku ya pili wenzake wawili hawakuamka. Bibi kizee mmoja wa jirani ndiye aliyekuja akawaambia humo anakaa mwenye mahali, wala si mtu, akawaonyesha la kufanya. Kila adhuhuri uji wa shayiri, usiotiwa chumvi, utolewe pale penye karo na mtu asiyemiliki chochote mahali pale. Aape. Asiseme habari zake ndani ya kuta. "Mimi sikuwa na kitu," alisema Ba Allal. "Nikaapa. Nikabaki. Nyinyi mkaja na hati zenu, mkatundika mapazia."

"Kwa nini basi aliharibu, kama unamlisha?"

"Alichoka na uji, binti yangu. Mwenye mahali alitaka niondoke. Kunitoa mwenyewe hawezi, nina kiapo. Akavunja vitu vyenu. Akangoja nyinyi mnitoe."

Batoul alishika bilauri ya chai kwa mikono miwili. "Nitamlisha mimi."

"Wewe una hati ya nyumba. Mwenye nyumba akimpa chakula, kamkaribisha ndani."

"Tutaajiri mwingine."

"Kiapo ni changu. Mlikikata kwa mikono, mbele ya wote. Kiungwe kwa mikono, mbele ya wote. Asikosekane hata mmoja." Akamtazama. "Kura zilikuwa ngapi siku ile?"

"Tisa kwa nane."

"Na nyinyi mko wangapi?"

Batoul akainamisha kichwa. Akaeleza. Mkono nyuma ya nguzo. Kumbukumbu. Tisa kwa saba.

"Ukamfuta nani?"

"Mimi mwenyewe. Niliona ni haki."

Mzee alirudisha mkate kwenye sahani. Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo mpaka Rqia akamshika bega. Alipovitoa, macho yake yalikuwa na maji.

"Wenye nyumba ni kumi na sita," alisema. "Mwenye mahali ni mmoja. Wewe umejitoa, ukamwandika yeye. Na sahihi ukatia."

"Sasa nifanye nini, Ba Allal?"

"Jaribu," alisema mzee. "Uwe wa kwanza kuinua mkono. Kabla yake."

Jumapili ile walikutana tena gerejini. Safari hii hakuna aliyecheka wala kufoka. Si Thami aliletwa na mkewe, akakalishwa mbele, daftari mapajani. Batoul aliwaeleza alichoweza: kwamba wamemdhulumu mzee wa watu, kwamba arudishwe, na kwamba sharti ni wote, bila kukosekana hata mmoja. Hakueleza zaidi. Walikuwa ndani ya kuta.

Hawakuhitaji kuelezwa. Kila mmoja alikuwa na nywele kwenye bomba lake.

Batoul alisimama. Aliazimia kuinua mkono kabla hajamaliza kusema. "Wanaotaka Ba Allal arudi..."

Mkono haukuinuka.

Ulikuwa juu ya meza, mbele yake, mkono wake wa kulia, na pete ya marehemu mumewe. Aliuamuru. Haukusikia. Mikono ikaanza kwenda juu gerejini. Mitatu. Saba. Wa Hniya. Wa Si Thami, unatetemeka. Kumi na tano. Wote wakamtazama yeye.

"Lalla," Hniya alinong'ona. "Inua."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Kitu kilikuwa kimemshika kifundo cha mkono. Baridi. Kimelowa. Kinashika kama mtu anavyomshika mtoto asikimbie barabarani. Alivuta. Meza ikasogea. Mkono ukabaki. Aliinua wa kushoto, akaupeperusha juu, "Huu hapa! Nakubali! Jamani, nakubali!" Lakini wao walikuwa wanatazama ule wa kulia, mkono wa kura na sahihi.

Wakachoka. Mmoja mmoja wakateremsha mikono. Wa mwisho alikuwa Si Thami.

Hapo ndipo ulipoinuka.

Hakuna aliyeuliza nani anapinga. Ulikwenda juu peke yake, polepole. Ukanyooka. Mkono wa nguo ukateleza mpaka begani, mkono ukabaki mtupu. Ukazidi kwenda. Batoul akasimama kwa vidole vya miguu. Visigino vikaacha sakafu. Bega likalia.

"Si mimi," alisema. "Wallahi si mimi."

Walichoona wao ni mwenyekiti wao, amesimama wima kwa ncha za vidole, peke yake kati ya watu kumi na sita, mkono wa kupinga ukiwa juu na machozi ya uongo usoni.

"Kumbe ni wewe," alisema mwenye duka la miwani.

Hniya alivuta mtandio, akafunika mdomo. "Na mimi ninamtetea mzee wa watu, kumbe mchawi ananiamkia kila asubuhi."

Si Thami alikuwa anaandika. Aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, akainua daftari juu ya kichwa, akawageuzia huku na kule. *Si yeye. Si yeye.* Lakini watu walikuwa wameshasimama, wamempa mgongo, wanakimbilia mlango wa magari, na mtu asiye na sauti hawezi kumwita mtu akageuka. Mkewe akamwinua, akamwondoa. Daftari likaanguka.

Gereji ilipobaki tupu, mkono uliachiwa. Batoul akaanguka magotini. Nyuma ya nguzo ya mwisho kitu kilivuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyeshiba.

Rqia alipiga simu kesho yake. Baba yake amefariki. Jumapili alasiri alikuwa amekaa kitandani, akangoja, kisha akauliza kama vile kuna mtu mwingine chumbani, "Mkono wa nani?" Hakuna aliyejua anaulizia nini. Akajilaza.

Batoul hakupigiwa kura. Hakukuwa na haja. Asubuhi alikuta chumvi ya kufukuza uchawi imemwagwa mlangoni pake, na kesho tena, na kesho tena. Wanawake waliokuwa wakishuka ngazi walirudi juu wakimwona anapanda. Alitaka kueleza, lakini angeeleza wapi? Ndani ya jengo haisemeki, na nje ya jengo hakuna aliyekubali kusimama naye. Hniya alihama kabla ya msimu wa mizeituni, cherehani juu ya kigari, bila kuaga. Si Thami akapelekwa kwa mwanawe Agadir. Hadi mvua za kwanza zinanyesha, madirisha kumi na matatu yalikuwa yamefungwa mbao. Nyumba hazikupata mnunuzi. Wanunuzi walikuja, wakafika chini ya ngazi, wakasema watapiga simu.

Batoul alikuwa wa mwisho. Alikaa mpaka mchana aliposikia mlango wa nyumba tupu iliyo chini yake ukifunguliwa kwa ufunguo. Akachukua sanduku moja, akaenda Kenitra kwa dada yake.

Sasa yuko huko. Anakula vizuri, anapalilia nyanya kibarazani, anawafundisha watoto wa jirani majina ya mito. Hakuna kinachovunjika nyumbani kwa Zhor. Lakini Zhor aliona jambo katika juma la kwanza, wakitia udhu pamoja karoni kabla ya adhuhuri. Maji yalipofika kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Batoul, yaligawanyika, yakapita huku na huku, kama mto unavyolikwepa jiwe. Ulibaki ukanda mkavu wa upana wa vidole vinne, unaozunguka mkono mzima. Batoul alisugua. Akachovya mkono kwenye ndoo mpaka kiwiko, akautoa. Juu panatiririka, chini panatiririka, pale pakavu. Walikwenda kwa imamu. Imamu alimwagia maji kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu, kisha akasema Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri iwezavyo. Aswali hivyo hivyo. Naye anaswali, na kila akimaliza hukaa kitambo akijiuliza kama imekubaliwa.

Zhor hakuridhika. Mchana mmoja dada yake alipokuwa amelala baada ya chakula, alichukua taulo, akalilowesha chapachapa, akalizungusha taratibu kwenye kifundo kile, akalishika pembe moja kwa mkono wake, akihesabu mpaka mia.

Alipolifungua lilikuwa limekauka lote, kana kwamba limenyonywa, mpaka pembe aliyokuwa ameishika yeye.